Kabla ya Kununua Pazia, Pima Mwanga

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapisha kwa ombi la vikundi ambavyo havikuweza kufika, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa mwishoni.)



Mwenyekiti alipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya mapazia ya sebule, nilisikia watu wakicheka. Chekeni tu. Lakini nikifungua madaftari ya vikundi ninaona mkopo wa karo, mkopo wa mbolea, halafu chini yake mkopo wa mapazia, na mara nyingine huo wa mapazia ndio mkubwa. Kwa hivyo si jambo la kuchekwa. Mimi kazi yangu ni ustawi wa jamii, si fundi wa cherehani, lakini nimeketi katika sebule nyingi, na nimejua pazia linaweza kuiletea nyumba raha au kuifanya iwe ghala la giza.

Nataka tuelewane ni nyumba gani tunayozungumzia. Sizungumzii nyumba mpya ya mawe yenye madirisha makubwa ya vioo. Nazungumzia ile nyumba ya zamani ambayo wengi wetu tuliikuta tulipoolewa, au tuliyozaliwa ndani yake: kuta za udongo zilizopigwa plasta ya saruji baadaye, mabati juu, na sebule yenye madirisha mawili madogo ya mbao. Aliyeijenga aliogopa baridi na wezi, na kioo kilikuwa ghali. Basi akaacha dirisha la kama sentimita 60 kwa upana na 75 kwa urefu, likafungwa kwa mbao. Ukuta wenyewe ni mnene, dirisha limezama ndani kama jicho la mzee.

Mapazia yanayouzwa mjini hayakukatwa kwa ajili ya dirisha hilo. Yamekatwa kwa dirisha la kwenye picha ya kalenda. Mchuuzi atakwambia, "Mama, set nzima hii, na neti yake, na pelmeti yake," nawe ukifika nyumbani unakuta pazia linagusa sakafu, limefunika dirisha, limefunika na nusu ya ukuta. Sebule inapendeza, ndiyo, lakini saa sita mchana mtoto anatafuta koroboi ili asome.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Dirisha lina upana wa sentimita 60. Umeweka fimbo au waya wa pazia wenye upana huo huo wa 60, kama wengi wanavyofanya. Sasa asubuhi unafungua pazia. Kitambaa hakipotei hewani! Kinakusanyika pembeni, na kila upande kinakula kama sentimita 10 za dirisha. Hizo ni 20 kati ya 60. Yaani theluthi moja ya mwanga wako imeibwa na pazia ambalo unasema limefunguliwa. Katika nyumba yenye madirisha mapana hutaona tofauti. Katika hii yetu utaona.

Dawa yake ni rahisi, wala haiongezi gharama ila ya fimbo. Fimbo iwe ya mita moja, ipite dirisha sentimita 20 kila upande. Ukifungua, kitambaa chote kinakaa mbele ya ukuta na dirisha linabaki wazi lote. Na tena mgeni akiingia jioni, pazia likiwa limefungwa, ataona kana kwamba dirisha ni kubwa kuliko lilivyo. Kama mtasahau mengine yote niliyosema leo, kumbukeni hilo la fimbo.

Sasa, kwa nini tunafunga pazia mchana? Wengi mtasema, ili watu wapitao njiani wasione ndani. Ni haki yako. Lakini angalieni jinsi macho yanavyofanya kazi. Mchana nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani, kwa hivyo kitambaa chepesi kinatosha kumzuia mpita njia asikuone, na wewe ndani unamwona vizuri. Usiku mambo yanageuka: umewasha taa, nje ni giza, na ile neti nyeupe uliyoitegemea inawaonyesha watu mpaka sahani zilizo mezani. Kwa hivyo mchana tumia chepesi, usiku vuta kizito. Na kama huna pesa za vyote viwili, kuna pazia la nusu. Fimbo ndogo unaipitisha katikati ya dirisha, kitambaa kinafunika nusu ya chini tu. Mtu aliyesimama uani haoni aliyeketi, na nusu ya juu inaendelea kuleta mwanga na hewa. Sijui kwa nini watu wanalidharau pazia la nusu. Labda kwa sababu wameliona sana kwenye hoteli za chai.

Hapo kwenye hewa nitakaa kidogo.

Kuna nyumba moja niliitembelea ambayo sitaitaja. Nyanya anaishi na wajukuu wawili, na mmoja alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu. Sebule ile ndiyo walimolala wale watoto usiku. Dirisha moja lilikuwa limepigiliwa misumari tangu mwaka wezi walipoingia. La pili lilikuwa na pazia la maua lililoshonwa vizuri sana, limebanwa chini kwa msumari ili upepo usilipeperushe. Kumbe nyanya alikuwa akimlinda mtoto na baridi! Alikuwa anafanya kwa upendo kile ambacho kingeweza kumwambukiza yule mjukuu wa pili. Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, vijidudu vinaweza kubaki vikielea kwa saa kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa. Upepo ukiingia dirisha hili na kutokea lile, unaviondoa. Dawa lazima zimezwe mpaka zimalizike kama daktari alivyosema, hakuna dirisha linaloshika nafasi ya dawa. Lakini dawa na dirisha vinafanya kazi pamoja.

Hatukumkemea nyanya. Mjukuu mkubwa na kijana mmoja wa kikundi waling'oa misumari, wakaweka nondo tatu kwa ndani kuzuia mwizi, na pazia lile lile la maua likakatwa likawa la nusu. Baridi ya usiku akaimaliza kwa blanketi, pahali pake panapostahili.

Basi tuje kwenye kutundika, maana katika nyumba ya zamani hapa ndipo watu wanaposhindwa. Ukuta wa udongo haushiki msumari. Utapiga leo, kesho pazia, fimbo na kipande cha plasta viko chini pamoja. Usipige msumari kwenye plasta. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole mpaka usikie nguzo, au tumia fremu ya dirisha yenyewe kama haijaliwa na mchwa. Afadhali zaidi, tafuta ubao wa mita moja na kidogo, uupigilie kwenye nguzo mbili, juu ya dirisha kama upana wa kiganja, halafu fimbo ukaifunge kwenye ubao huo. Ubao ukipakwa rangi ya ukuta hauonekani. Ule waya wa springi unaouzwa na ndoano zake ni wa bei nafuu, lakini kwa pazia zito utalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Uuache kwa neti nyepesi na kwa pazia la nusu. Fimbo ya mwanzi uliokaushwa vizuri, au bomba jembamba la maji, ni imara kuliko huo waya.

Angalia pia mbao za dirisha zinafungukia wapi. Zikifungukia ndani zitanasa pazia kila asubuhi, na baada ya miezi sita limechanika. Hapo fimbo isogezwe mbele, mbali na ukuta, kiasi cha mbao kupita nyuma yake.

Na msipime dirisha mara moja tu. Nyumba ya zamani imekaa, imeshuka upande mmoja. Pimeni upana wa juu na wa chini, urefu wa kushoto na wa kulia, mchukue kipimo kikubwa. Sakafu nayo haiko sawa. Ndiyo sababu siwashauri mapazia marefu yanayofika chini: upande mmoja yataburura vumbi, upande mwingine yataning'inia, na kila mgeni ataona kasoro ambayo hangeiona. Pazia liishie sentimita 15 chini ya dirisha. Linatosha, na kuku hawezi kulifikia.

Sasa kitambaa chenyewe. Ili pazia liwe na marinda linahitaji upana wa mara moja na nusu ya fimbo, mara mbili ukitaka fahari. Fimbo yetu ni mita moja. Kitambaa kingi sokoni kina upana wa sentimita 150. Mnaona? Kipande kimoja kinatosha dirisha moja, unakigawa katikati, nusu kushoto, nusu kulia. Urefu: sentimita 10 juu ya dirisha, 75 za dirisha, 15 chini, hiyo ni mita moja. Ongeza sentimita 20 za pindo la juu na la chini. Mita moja na sentimita 20 kwa dirisha. Sebule nzima yenye madirisha mawili ni mita mbili na sentimita 40. Ulizeni mchuuzi alikuwa anawauzia mita ngapi!

Kwa hesabu hiyo jora la mita 30 linatosha sebule 12, na kununua jora kwa pamoja huwa ni nafuu kuliko kukatiwa mita mbili mbili. Tatizo ni kwamba kijiji kizima kitakuwa na mapazia ya rangi moja. Najua kuna watakaokataa kwa hilo tu, na siwalaumu. Wagawane jora mbili za rangi tofauti.

Leso nayo ni pazia zuri, tena limekatwa tayari. Leso moja ina kama sentimita 150 kwa 110, kwa hivyo doti moja inamaliza madirisha mawili ya nyumba hii. Ifueni kwanza peke yake kwa maji baridi, maana rangi ya kwanza hutoka. Usipotaka kuikata, itundike nzima, na fimbo uisogeze ipite zaidi upande mmoja ambapo leso yote itakusanyika. Siku ukichoka nayo unafumua pindo unajifunga. Ila someni maneno yaliyoandikwa kabla ya kutundika! Mama mkwe ataketi mbele yake saa mbili nzima akinywa chai, na anajua kusoma.

Mapazia ya mitumba pia si mabaya. Mengi yalitoka kwenye nyumba za baridi, kwa hivyo ni mazito, yana kitambaa cha pili nyuma, na ni marefu mno: moja linaweza kutoa mawili. Lakini linyanyue juu lielekee jua kabla ya kulipa. Ukiona mistari myembamba ya mwanga, jua la huko lilikwisha kulila, na ukilifua mara mbili litapasuka. Kwa wenzetu wa sehemu za baridi, kama Nyandarua na Limuru, mimi ningechagua mtumba mzito kabla ya kitambaa kipya chepesi. Kwa sehemu za joto chagua pamba, rangi isiyokolea.

Zile neti za nailoni zinazong'aa ni nyepesi na zinakauka upesi. Lakini moto ukizigusa zinayeyuka na kunata kwenye ngozi, na kidonda chake ni kibaya. Mwenye koroboi au mshumaa dirishani asiziweke.

Na hapa lazima niseme juu ya mbu, maana nimesikia mama akisema amenunua neti ya dirisha "kwa sababu ya malaria". Neti ya pazia haizuii mbu. Inapeperuka, ina nafasi pembeni, na mbu hana haraka. Mapazia yaliyowekwa dawa yalijaribiwa huku kwetu: utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulifanywa magharibi mwa Kenya kwa neti za kitanda na mapazia yaliyolowekwa dawa ya permethrin, na yalisaidia. Ilikuwa ni dawa iliyofanya kazi, jameni, si maua ya kitambaa. Leo kinga yenu ni neti ya kitanda yenye dawa. Ukitaka dirisha lenyewe lizuie mbu, weka wavu uliokazwa kwenye fremu, wenye vitundu visivyozidi milimita moja na nusu. Kama mbao za dirisha zinafungukia nje, wavu huo uwe kwenye fremu ndogo yenye bawaba, la sivyo hutaweza kupitisha mkono kufunga dirisha usiku. Na usisahau ile nafasi kati ya ukuta na mabati, kwa sababu mbu wa malaria wanaipenda sana njia hiyo. Kule Gambia walijaribu: walipoweka wavu milangoni na madirishani na kuziba nafasi ya juu, mbu walioingia hawakufika nusu ya wale wa nyumba zisizowekwa, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hivyo mwenye pesa za kitu kimoja tu anunue wavu kwanza, pazia lifuate.

Mwisho ni hizo pesa zenyewe. Kama kikundi chenu kinatoza riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na mama amekopa shilingi 3,000 za mapazia, akazilipa baada ya miezi sita, riba peke yake ni shilingi 1,800. Ng'ombe wa kukopa anatoa maziwa ya kulipa mkopo. Pazia halikamuliwi. Msimkataze mtu kupendezesha nyumba yake, maana mwanamke anayeamka saa kumi na moja ana haki ya kuketi jioni mahali panapopendeza. Lakini mapazia yatoke kwenye akiba au kwenye zamu ya mzunguko, yasitoke kwenye mkopo wa riba. Vikundi vyenye cherehani vishone vyenyewe. Pindo nne na marinda, kijana aliyejifunza wiki mbili anaweza.

MASWALI

Mama mmoja: Dirisha langu linaangalia magharibi, na mapazia yamepauka mwaka mmoja tu. Nifanyeje?

Jibu: Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hivyo madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayopigwa na jua likiwa chini, asubuhi na jioni. Ya kaskazini na kusini hayaumii sana. Shonea marekani nyuma ya pazia, jua lile marekani. Ni kitambaa cha bei nafuu na cha kazi ngumu tangu siku ambazo wafanyabiashara wa Salem kule Marekani walikileta Zanzibar katika karne ya 19, ndiyo kikapata jina hilo. Kioshe kwanza kabla ya kushona, maana kinaruka.

Mzee mmoja: Neti za kitanda tulizopewa bure zimezidi. Tunaweza kushona mapazia?

Jibu: Neti nzima ni ya kitanda, mzee. Kama imezidi, kuna mtoto fulani jirani anayelala bila neti. Ile iliyochakaa kabisa, isiyoshoneka tena, ikunjeni mara mbili mkazibie ile nafasi ya juu ya ukuta.

Kijana mmoja: Mambo yote haya ya nini? Si afadhali ning'oe dirisha la nyanya niweke kubwa la chuma?

Jibu: Umwulize nyanya kwanza, nyumba ni yake. Akikubali, mwite fundi aangalie nguzo, kwa sababu katika ukuta wa udongo nguzo ndizo zinazobeba paa, na ukikata moja ili kupanua dirisha utaliona paa likishuka. Dirisha linaweza kuongezwa kwenda chini kati ya nguzo mbili, bila kugusa nguzo. Na kama sebule haina dari, kuna njia ya gharama ndogo zaidi: ng'oa bati moja, weka lile la plastiki linalopitisha mwanga. Sebule itaangaza mchana kutwa hata pazia likiwa limefungwa. Lakini hewa haipiti kwenye bati, kwa hivyo yale madirisha mawili madogo bado utayafungua.